Mlango wa Nakshi na Cheti cha Fukara

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa na akili za watu watatu, wote wajinga. Nilikuwa nimerudi kwetu Amu, kisiwani Lamu, likizo kutoka shuleni Mombasa, nikamkuta mama ameketi na mguu juu ya mto. Alikuwa amekanyaga msumari wenye kutu uani. Alikuwa ameufunga mguu kwa majani ya mwarobaini, lakini nilipobonyeza ngozi kwa kidole, shimo lilibaki pale pale.

Nikaenda zahanati ya serikali. Siku zile aliyeweza alilipa, na asiyeweza alitibiwa bure, mradi awe na cheti kwamba ni fukara. Sisi hatukuwa na kitu. Baba alikuwa amefariki, na vyombo vya fedha tulikuwa tumeviuza kimoja kimoja. Lakini nyumba yetu ilikuwa Mkomani, mtaa wa mabwana, na mlango wake ulikuwa wa nakshi.

Karani wa vyeti aliketi barazani, na wazee watano walimzunguka wakinywa kahawa.

"Nikuandike fukara?" akauliza, kwa sauti ya kuadhini.

Wazee wakanigeukia. Mmoja alikuwa amesoma na baba.

"Fukara nani?" nikasema. "Nilikuwa napita tu."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama foleni ni ndefu, nitakwenda kesho. Kesho yake wazee walikuwa pale pale, nikapita kwa ndia ya nyuma. Siku ya tatu mguu ulikuwa mweusi vidoleni, na mama alikuwa akiongea na baba kana kwamba yuko chumbani. Mimi nilikuwa nabonyeza ngozi, naacha, nabonyeza tena, kana kwamba kidole changu kingejibiwa.

Mchana wake akaja Bi Mwanaesha wa kisiwa cha Ndau, mama muuza samaki wakavu wa ng'onda, aliyezoea kupumzika kwetu kila akivuka. Akaufunua mguu, akaufunika, akaniita uani.

"Kwa nini hajapelekwa?"

Nikamweleza habari ya cheti. Nikamweleza na habari ya mlango.

"Ala! Anayeumwa ni mlango au ni mamako?" Akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa kifuani. "Hii yangu. Mimi ni fukara wa kuandikwa, na jicho langu limepona. Wewe bwana mkubwa, una nini kilichopona?"

Akanishika mkono hadi barazani, mbele ya wazee wote. "Mwandike huyu," akamwambia karani, "na uandike kwa wino mwingi."

Mganga wa zahanati alisema siku mbili nyuma dawa ingetosha. Mguu ukakatwa hospitalini, juu ya kifundo. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliniuliza mara moja tu:

"Foleni ilikuwa ndefu sana, mwanangu?"

"Ndefu, mama."

Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikaandika kurasa nyingi juu ya ustawi wa jamii. Mguu wa mama haumo katika ukurasa hata mmoja.

Basi sikiliza, mwanangu. Utasikia watu wakisema serikali iwatibu bure maskini peke yao, kwa nini imtibu na tajiri? Wana hoja, dawa hazitoki mbinguni. Lakini waulize ni nani atakayeketi barazani kuuliza nani maskini, na nani atakuwa akisikiliza. Matibabu yawe ya kila raia. Tajiri naye apange foleni, asimame mbele yangu na nyuma yangu, ili anayenitazama asijue mimi ni yupi. Lidai hilo popote utakapopewa nafasi ya kusema. Na mpaka litimie, ukiulizwa kama wewe ni fukara na nyumbani kuna mgonjwa, itika haraka.

Mola akujaalie afya usiyoombewa cheti, na akikujaribu kwa maradhi, akupe ulimi mwepesi kuliko wangu.