Damu na Maziwa

Jirani yangu Mmaasai alipojifungua kifungua mimba alipoteza damu nyingi, akarudi kutoka hospitali ya Kajiado hawezi kusimama. Wakati huo ng'ombe bado walilishwa katikati ya ploti zetu Kitengela. Mama mkwe wake alimletea kibuyu cha damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Kwao, mzazi hupewa hiyo apate nguvu.

Mimi na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa tulikuwa tumekuja kumwombea mtoto. Mwenyekiti alipoambiwa ni damu, alifungua Matendo ya Mitume, pale Wakristo wanapokatazwa damu.

"Imeandikwa hivyo. Mimi sijaongeza kitu."

"Na mutura ya pale steji ya matatu, ile ya damu, hamli?" mama mkwe akauliza.

"Mimi sili, yeyo," mwenyekiti akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai. "Tangu niokoke."

Ni kweli, hata watoto wake hakuwanunulia.

"Basi hao mitume hawakuzaa," mama mkwe akasema, akamwekea mkaza mwanawe kibuyu karibu.

Yule mzazi alitutazama. "Nikinywa, mwisho wa mwezi nitakaribia meza ya Bwana?"

Mimi niliishia darasa la saba. Moyoni niliona Mungu hawezi kumnyima mgonjwa nguvu, lakini pengine ilikuwa huruma yangu tu, si Neno. Nikasema sijui. Mwenyekiti naye akafunga Biblia.

Kesho yake mwenyekiti alirudi na maini na mboga za managu, akapika. Akaendelea kuja karibu kila siku. "Nikimkataza mtu chakula, si lazima nilete kingine?" aliniambia. Naandika hili ili asionekane mtu mgumu. Hakuwa.

Siku moja tulimkuta mzazi amelala, rangi imeanza kumrudia. Kibuyu kilikuwa kando yake, mdomoni kina wekundu. Mwenyekiti alikishika, akatoka nje akakiosha kwa maji na sabuni.

Mama mkwe alimkuta hapo. "Mama ya kanisa, kibuyu inasafishwa na makaa. Sasa maziwa yangu itanuka sabuni."

"Pole, yeyo. Sikujua."

Mama mkwe akacheka mpaka akaketi.

Jumapili ya meza ilipofika, mzazi alibaki kwenye benchi, mtoto mapajani, wenzake wakienda mbele. Mwenyekiti alimwendea, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," akasema. "Nenda, usichelewe."