Kikombe Nilichokiacha Mezani

Ukitaka kuwachosha Wakenya wa Buffalo, waambie unasomea shahada ya uzamifu. Ukitaka wakukimbie kabisa, waambie unachunguza siasa na jamii za Waarabu wa leo. Mimi niliwachosha miaka mitano. Mama aliniuliza kwa simu kutoka Kisii kama nimesilimu. Kanisani kwetu Riverside, ambako Wasabato wa Kenya, Burundi na Kongo tunasali pamoja, kila bomu lilipoanguka Mashariki ya Kati watu walinigeukia kana kwamba nimelirusha mimi. "Bon, dada," mama mmoja Mkongomani aliniambia baada ya ibada, "weye njo unasomaka mambo ya Waarabu. Donc utuambie, dunia inaisha mwaka gani?" Nikamwambia sijui. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeibiwa karo.

Chuoni nako hakukuwa na nafuu. Msimamizi wangu, Mzungu mpole anayevaa makubazi hata theluji ikianguka, hakuacha kuniuliza kwa nini sichunguzi habari za kwetu. Yeye alizaliwa shambani Ohio na amebobea katika mambo ya Misri. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza kwa nini hachunguzi mahindi.

Nilichokuwa nakisoma si kigumu kueleza, ila watu hawana subira ya kukisikia hadi mwisho. Familia za kusini mwa Syria zilizokimbia vita zimetawanyika Marekani, na sasa utawala wa zamani umeanguka, wengine wanataka kurudi kwao. Lakini huwezi kurudi kijijini ambako ndugu yako alimuua mtu wa ukoo wa jirani. Sharti kwanza koo zipatane, na siku hizi upatanisho huo hufanyika sebuleni, huku Marekani, nusu ya wajumbe wakiwa kwenye simu. Hiyo ndiyo siasa niliyoitaka, ile isiyoonyeshwa kwenye runinga. Mzee aliyeongoza upatanisho mkubwa kuliko yote niliyosikia alikuwa anaishi Louisville kwa binti yake. Nilimpigia simu mara mbili, na mara mbili akanikatalia kwa adabu. "Binti yangu, mambo ya watu si ya kuandikwa." Msimamizi naye alishanieleza waziwazi kwamba bila mzee huyo sura ya nne ni umbea, na bila sura ya nne hakuna tasnifu. Nilikuwa na muda hadi Desemba.

Basi Oktoba nikawasha gari, nikatoka Amherst, kitongoji cha Buffalo ninakoishi. Kulikuwa na kongamano la wasomi Columbus, na Columbus iko njiani kwenda Louisville. Nilipanga Ijumaa nitoe mada kabla jua halijatua na Sabato haijaanza, Jumamosi nisali, Jumapili nikambembeleze mzee uso kwa uso. Nilipewa nafasi ya mwisho kabisa, saa kumi na nusu, wakati kila mtu amekwisha kwenda kutafuta chakula. Mwenyekiti akanitambulisha kama mtaalamu wa Afrika. Wasikilizaji walikuwa watano, mmoja wao amelala.

Nikawaeleza desturi ya kikombe. Mgeni mwenye haja nzito akiletewa kahawa, hukiweka kikombe chini bila kuonja. Mwenyeji akikiona hivyo anajua ameombwa jambo, na ni aibu kwa nyumba yake kahawa ile ikipoa. Mgeni hadai kwa maneno, kikombe kinamdaia. Mwenyeji akikubali husema, "Kunywa kahawa yako." Mgeni akinywa, jambo limefungwa, hakuna wa kurudi nyuma. Nilieleza vizuri, nasema mwenyewe, maana sisifiwi na mtu mwingine. Swali la kwanza likawa kama Wamasai nao wana desturi ya namna hiyo.

Mimi ni Mkisii. Nikajibu kwamba nitafuatilia, nikakusanya karatasi zangu.

Jumapili binti wa mzee, muuguzi wa rika langu, alinifungulia mlango na kunikaribisha vizuri. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, amevaa koti juu ya kanzu kana kwamba anasubiri kutoka. Nilimwita ami, kama wanavyoitana wao. Tukajuliana hali kwa Kiarabu, akafurahia lafudhi yangu, akauliza kama baba yangu ni Msudani. Kila Mwarabu huniuliza hivyo, nami kila mara hujibu hapana huku nimetabasamu hadi mashavu yananiuma.

Kahawa ikaletwa. Sasa, kwetu hatunywi kahawa. Mama ni Msabato wa wale wa zamani. Hata majani ya chai hayakuingia jikoni mwake, tulikua kwa uji. Tangu nipate akili, mkono wangu hupokea kikombe, hushukuru, hukiweka mezani, nami naendelea na mazungumzo. Katika nyumba nyingine za utafiti nilikuwa nikiwahi kuomba maji kabla kahawa haijachemka. Siku hiyo woga ulinisahaulisha. Nikakiweka kikombe mezani, nikaanza kueleza umuhimu wa utafiti wangu.

Mzee hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaitazama meza. Binti yake akazima runinga.

"Hunywi, binti yangu?"

Niliona haya kumwanzishia mwenyeji mahubiri ya afya. "Bado, ami," nikasema.

Alishika magoti yake, akaangalia dirishani muda mrefu, hata nikadhani anatafuta namna ya kunifukuza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kunywa kahawa yako."

Nami, mtaalamu mzima, nikajibu, "Asante, ami, usijisumbue."

"Kunywa," akarudia. "Ulichokijia utakipata."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kurasa thelathini nimeziandika juu ya maneno hayo, juzi tu nimeyahubiri Columbus, na yaliposemwa mbele yangu nimeyapokea kama mtu anayeongezewa biskuti. Ng'ombe wa mama wana akili kunishinda.

Ningeweza kusema. Ami, nisamehe, dini yangu hairuhusu kahawa, sikukusudia kukuomba kwa kikombe. Angecheka, angeshusha pumzi, angenikatalia mara ya tatu, na ingekuwa haki yake. Nikaifikiria Desemba. Nikainua kikombe nikanywa hadi chini. Ilikuwa chungu, ina iliki nyingi, na imekwisha poa.

Alizungumza saa nne. Alieleza nani aliinama mbele ya nani, nani alidanganya ili damu isimwagike tena, na ni mama yupi alikataa hadi alfajiri. Mara mbili alilia, na mara zote mbili sikuzima kinasa sauti. Mwishoni nikamtolea fomu ya chuo, niliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiarabu safi, inayosema kwamba msemaji amekubali kwa hiari yake. Aliitia sahihi bila kuisoma.

Binti yake akanisindikiza hadi kwenye gari. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba aliziapia koo zote mbili kwamba hatasimulia," akaniambia. "Hata sisi wanawe tumesikia leo. Lakini mgeni akikiweka kikombe chini, yeye afanyeje?"

Nikajitia kutafuta funguo, na funguo nilikuwa nazo mkononi.

"Wewe ndiye unayesoma mambo yetu chuoni, dada. Ulijua unachofanya, sivyo?"

Nikisema sikujua, basi miaka mitano ni ya bure, na mzee amevunja kiapo kwa ajili ya mjinga asiyekunywa kahawa. Nikisema nilijua, mimi ni mwizi. Safari nzima nilikuwa nimewanunia watu wote wasiotaka kuamini kwamba nayajua mambo ya Waarabu: msimamizi, mwenyekiti, yule mama wa kanisani. Huyu mmoja aliamini. Alisimama pale kwenye baridi bila sweta, anasubiri jibu.

"Nilijua," nikamwambia.