Malaika Aliyenivunja Mkono Njia ya Kwihara

Watu wengi wakikutana na mambo ya ajabu, wanakutana nayo usiku, au wamelewa, au wana homa. Mimi yangu yalinikuta saa saba mchana, jua limesimama utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Mkono huu wa kulia unaouona umepinda ndio shahidi wangu. Mimi nimesema uongo mwingi maishani, sikufichi. Mkono haujasema hata mmoja. Basi kama huniamini mimi, uamini mkono.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Reli ilikuwa imeshafika Tabora siku nyingi, na wale wapagazi waliokuwa wakibeba pembe za ndovu mpaka pwani walibaki katika mazungumzo ya babu zetu tu. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, kazi yangu kurina asali. Nilikuwa na mizinga themanini porini. Watu wa Kwihara watakuambia ilikuwa minane. Wasikilize na wao, ni wazee.

Wakati huo nilikuwa nasoma dini misheni, bado sijabatizwa. Katekista wetu, Filipo, alitufundisha kwamba kila mtu ana malaika mlinzi, yuko naye tangu siku aliyozaliwa. Nikamwuliza, "Wangu anakula nini?" Akanitoa nje. Lakini habari ile niliipenda. Mtu maskini kama mimi, kuwa na mlinzi wangu peke yangu kama Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa bomani? Basi kila nikilala nikawa namwambia, malaika wangu, nilinde. Maneno hayo hayo, nageuka ukutani, nakoroma.

Sasa pale kijijini alikuwepo mjane mmoja, Bibi Kalunde. Marehemu mumewe alimwachia mizinga mitano, na asali yake ilikuwa ya kutengenezea wanzuki, pombe ya kumalizia matanga ya huyo mume. Siku ya kurina ikafika, wakapanda, wakakuta mizinga minne mikavu kama ngoma. Hata sega moja hakuna. Ukabaki mmoja tu, ule wa juu kwenye mninga mkubwa, nyuki wake wakali hata mwizi aliwaogopa.

Nani kaiba? Kwihara ni kijiji ambacho kuku akipiga chafya watu wanajua ni wa nani. Wiki nzima hatukufanya kazi, tunanusana midomo. Wake walikuwa wanawachunguza waume zao ndevu wakiwa wamelala. Mzee mmoja alinyimwa ugali siku mbili kwa sababu nzi alimtua kwenye sharubu.

Jumapili tukawa kwenye pombe, watu wamenuna, hakuna wa kuchekesha. Unajua mtu kama mimi, nikiona watu hawacheki naumwa. Nikasimama nikasema, "Mnamtafuta nani kumbe? Ni mimi. Nimepanda bila moshi, nyuki wakaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikala mizinga minne nikabakisha mmoja wa kesho."

Siku zote watu hucheka mpaka wanamwaga pombe. Siku ile hakucheka mtu. Maganga, mrinaji mwenzangu, jitu la mabega, akaweka kata yake chini taratibu.

"Mmesikia," akasema. "Kakiri mwenyewe."

"Maganga, huo ni mzaha."

"Na mizinga ya mama wa watu imekauka kwa mzaha?"

Nikatazama huku na huku nitafute jicho la kunitetea. Sikuliona. Ndugu yangu, kesi ya mizinga kwetu ilikuwa haifiki bomani. Mwizi wa mizinga alikuwa anamalizwa kwa marungu chini ya mti aliouibia, basi. Mwanangwa, ndiye mkuu wetu wa kijiji, akaamua hivi: kesho jua likiwa utosini nipande ule mninga, kifua wazi, bila moshi, nitie mkono wa kulia ndani ya mzinga mpaka begani. Nyuki wanamjua aliyewaibia. Wakiniacha, mimi safi. Wakiniuma, marungu yananisubiri chini.

Nikuulize, nani amewahi kutia mkono mzingani bila moshi asiumwe? Hata mtoto mchanga anajua. Lakini watu wakishakasirika, unamweleza nani? Maganga akasema yeye ndiye atautayarisha mti asubuhi, aangalie kamba na matawi, mambo yawe ya haki. Watu wakamshukuru.

Mke wangu alilia usiku kucha. "Nenda Igalula ukapande gari moshi," akaniambia. Nikamwambia nikikimbia, wanangu watakaozaliwa wataitwa watoto wa mwizi mpaka wapate wajukuu. Nikamwomba malaika wangu kama kawaida. Safari hii sikukoroma.

Kesho yake wenzangu walitangulia porini. Mimi niliachwa nije mwenyewe, maana nikitoroka watakuwa wamepata jibu. Nikashika ile njia ya zamani ya misafara. Nikasikia njuga, cha, cha, cha, kama zile walizokuwa wanavaa wapagazi miguuni. Mara mtu huyu hapa, anatokea mbele yangu. Kajifunga kaniki, kilemba cha kipwani, begani kabeba mzigo uliofungwa mkeka, mrefu kama gogo. Miguu inakanyaga vumbi lakini vumbi haliamki. Niliona. Sikutilia maanani.

Kosa langu ni hili. Nilimwona kilemba nikasema huyu Mzaramo, mtani wangu. Wewe unaujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, tangu wakati wa misafara: unamtukana mtu mpaka marehemu wake, naye haruhusiwi kukasirika. Na mimi roho ilikuwa imejaa, nataka mtu wa kumtolea.

"We Mzaramo," nikamwambia, "msafara umepita enzi za babu yangu, wewe ndiyo kwanza unafika? Hujaambiwa kuna gari moshi?"

Akatabasamu. "Unakwenda wapi?"

"Kumzika bibi yako."

"Rudi nyumbani."

"Nipishe, kilemba kama kiota cha kunguru."

Hapo akaniita jina. Si jina langu la nyumbani. Jina la ubatizo nililokuwa nimelichagua moyoni, hata mke wangu sijamwambia. Mtu mwenye akili angetulia. Mimi mdomo wangu haujui kutulia.

"Na huo mzigo umebeba nini, mifupa ya wajomba zako?"

"Maneno yako," akasema. "Ya uongo, yote, tangu ulipoota meno. Ninayabeba mimi. Lile la jana peke yake limenipinda mgongo."

Akautua mzigo. Niamini, ardhi ilitikisika, kwale wakaruka vichakani. Akanitandika kofi ambalo nadhani mkuu wa stesheni Igalula alitoka nje kuangalia gari gani limefika kabla ya saa yake. Nikaanguka. Nikainuka kwa ujinga, nikarusha ngumi, ikapita mahali alipokuwa kama inapita kwenye moshi. Ngumi zake zenyewe hazikuwa za moshi. Alinipiga mbavuni nikasahau jina la baba. Akaninyanyua kwa nywele, akanibamiza kwenye kichuguu, nikatema jino, nikatema jingine. Damu ikaniingia machoni, nikaona Kwihara mbili. Halafu akanishika kiganja cha kulia, akaweka goti kwenye kiwiko, akauvunja mkono kama mtu anavyovunja kuni za kuchemshia uji. Nikausikia.

"Mtani," nikasema nalia, "kwani nimekukosea nini?"

"Mimi si mtani wako. Kila siku unaniambia nikulinde. Nakulinda."

Akabeba mzigo wake, akapita, na njuga zake.

Sasa sikiliza. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuokota kuni walikuwa wamesimama hatua ishirini, wameona yote. Unajua waliona nini? Waliniona mimi peke yangu. Walisema nilikuwa napaa mwenyewe, najibamiza mwenyewe. Mmoja akasema nina degedege. Mwenzake akasema, "Degedege gani lina kofi?" Lakini njuga walizisikia wote wawili, na mimi sikuvaa njuga.

Wakanishika kwapani, wakanikokota mpaka pale kwenye mninga penye watu. Kijiji kizima kilikuwepo, na marungu.

"Huyo," Maganga akasema, "kajivunja mwenyewe asipande." Akanipiga teke kwenye mbavu zile zile. Na wengine wakaanza. Ndugu yangu, nilipigwa na watu niliocheza nao kombolela. Mmoja nilimshonea viatu.

Mwanangwa akasema, "Huyu hawezi kupanda kwa mkono mmoja."

Bibi Kalunde akasema, "Basi mwacheni apone."

Kijana mmoja, sijui nani alimpa akili, akasema, "Kamba ya kupandishia mizinga si iko pale kwenye tawi? Tumfunge tumvute." Watu wakashangilia. Wakanifunga kwapani.

Hapo ndipo Maganga alipobadilika rangi. "Hapana," akasema. "Si kwa kamba. Apande kwa miguu yake."

"Wewe si ndiye unayetaka afike juu?"

"Nataka apande. Kamba hapana. Tuondokeni hapa chini."

"Acha uvivu, Maganga, shika hapa." Wakamtia ncha ya kamba mkononi, wakamzunguka, wakaanza kuvuta na wimbo juu. Nikanyanyuka mpaka kimo cha mbuzi. Kimo cha mbuzi tu. Huko juu tawi likalia kaa.

Tawi likaja, na mzinga wake. Mimi nikaanguka kwa matako, nikakaa. Mzinga ukapasukia miguuni kwa Maganga.

Umewahi kuona nyuki wa pori wakiamka wote kwa pamoja? Mchana uligeuka magharibi. Watu walikimbia wakikanyagana, marungu yakaachwa pale pale. Mwanangwa alivua kanzu akawatupia nyuki kama anawahonga. Mzee aliyekuwa haendi bila mkongojo miaka mitatu alionekana kijiji kingine, Itetemia, kabla ya jua kuzama. Nao nyuki hawakuchagua, waliuma macho, waliuma ulimi wa aliyefungua mdomo kulia.

Na mimi je, nimefungwa kamba, mkono umevunjika, siwezi hata kujifunika uso? Nilifumba macho nikangoja kufa. Nikasikia njuga. Cha, cha, cha, zinanizunguka, zinarudi, zinazunguka tena. Haki ya Mungu hakunitua nyuki hata mmoja.

Nyumba ya Maganga ilikuwa pale pale ukingoni mwa pori. Akakimbilia kwake na wingu lake la nyuki kichwani, akajitupa ndani ya kihenge chake cha mtama, akavuta kifuniko. Tukasikia humo ndani vyungu vinapasuka. Kihenge kikayumba. Kikaanza kuvuja, na kilichovuja si mtama. Mara kifuniko kikaruka, Maganga akatoka, asali kuanzia nywele mpaka kucha, na nyuki juu ya asali, hata ngozi yake huioni. Analia, "Bibi Kalunde, nisamehe, waambie nyuki wako waniache. Ni mimi, ni mimi."

Walipotulia nyuki, watu walirudi na nyuso kama maboga, wakaokota marungu yale yale wamwendee yeye. Wengine walikuwa wameshaanza, nilisikia bega lake likivunjika. Bibi Kalunde akasimama katikati na jicho lake moja lililobaki wazi.

"Mmeshakosea mmoja leo," akasema. "Pumzikeni."

Maganga alipona, ila jicho la kushoto halikupona. Alihama na familia yake, sijui aliko. Mwanangwa alipandisha mtu akaangalie pale tawi lilipovunjikia. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno nusu nzima, asubuhi ile ile, likapakwa matope. Uzito wa mzinga lingestahimili. Uzito wa mtu juu yake, hapana. Ningepanda kwa mikono yangu miwili mizima, ningeshuka toka kule juu na mzinga kifuani, na watu wangesema nyuki wamemhukumu mwizi. Kesi imekwisha.

Nilipomweleza Filipo, akaniambia, "Malaika hawapigi."

"Wako hawapigi," nikamwambia. "Wangu anapiga."

"Huenda alikuwa shetani."

"Shetani angeniacha nipande."

Akaniuliza kama kofi liliuma sana.

Nilibatizwa kwa jina lile lile. Mkono uliungwa vibaya, haunyanyuki kupita sikio, na mizinga siku hizi napandishiwa na watu. Masika unauma mpaka nasaga meno, yale yaliyobaki. Na uongo nimepunguza. Si kwa kuogopa moto, naonea huruma bega la malaika wangu. Leo nimemwongezea kidogo tu, ile mizinga themanini na lile kofi la Igalula. Mengine yote yalikuwa hivyo hivyo.

Basi nakuonya. Siku moja utakuwa umeshika njia, umeshaamua, moyo umekuwa mgumu, na mtu usiyemjua atakusimamisha akuambie rudi. Usimwulize kabila. Usimtanie. Na akikupiga kofi la kwanza, geuka hapo hapo uende nyumbani kwako. Mimi nilingoja la pili.