Mandazi Mia Tano ya Kugawana Kodi

Hili nawaambia huku nimefunika uso. Mama Furaha wa Lozells, mtaa wa hapa Birmingham, aliyekodi jiko la kupikia mandazi ya kuuza, aliniachia kazi Jumamosi moja aone kama nafaa kuwa meneja. Nami nilikuwa nimesoma kwamba kila andazi hubeba sehemu ya kodi ya jiko. Ukipika mengi, kila moja hubeba kidogo. Basi, badala ya mia aliyozoea kuuza, nikapika mia tano! Nikampigia simu.

"Mama, andazi letu sasa lina gharama ndogo kuliko yote Birmingham!"

"Ubarikiwe, mwanangu. Nakuja!"

Alipofungua mlango, mandazi yalikuwa mezani, vitini, hadi dirishani.

"Kodi umeigawa vizuri, meneja," akasema taratibu. "Na wateja, umewaongeza?"

Nilikuwa natafuna la kumi na mbili.