Mche Uliobaki Roshanini

Roshani ya chumba changu hapa Lodwar ina upana wa kitanda kimoja. Nikiweka kiti, mlango haufunguki wote. Tangu nistaafu nilikuwa naitumia kuanikia nguo na kutazama watu wanaoelekea sokoni, na sikuwahi kufikiri ingefaa kwa kazi nyingine, hadi siku ile binti yangu alipokuja kutoka Kakuma akiwa na kitu kilichofungwa katika kitambaa kibichi.

Alikifungua juu ya kitanda changu. Ilikuwa miche ya sukuma wiki, machipukizi yaliyovunjwa ubavuni mwa shina la zamani.

"Ni ya Mama," alisema. "Nimeivunja asubuhi hii. Lile gunia lake nimeliondoa, Baba. Najenga pale."

"Unajenga nini?"

"Chumba chako."

Nilijifanya nachunguza majani. Mke wangu, mama yake, alikufa mwaka juzi, na baada ya maziko sikuweza kulala ndani ya nyumba ile ya Kakuma hata wiki moja. Nilirudi Lodwar, mahali nilipokuwa nimefanya kazi ya kutunza stoo maisha yangu yote, nikijiambia kwamba nimeuzoea mji. Binti yangu alibaki kwenye nyumba na mume wake na watoto. Kila akija ananiomba nihamie kwake, na kila mara nina sababu mpya.

"Hii ndiyo imebaki," alisema akiwa mlangoni. "Kule hakuna tena hata mmoja. Usiiue."

Bustani ya mke wangu ilikuwa gunia moja tu, lililosimama uani kama mtu mnene. Alifundishwa na mama mmoja wa Sudan Kusini, mkimbizi wa kambi ya Kakuma aliyekuwa akisali naye kanisa moja. Katikati walipanga mawe ili maji yateremke mpaka chini, pembeni wakajaza udongo, kisha wakatoboa ubavuni na kupanda kwenye matundu. Alilimwagilia maji ya kuoshea mboga. Watoto wetu walikua kwa gunia lile, maana mimi nilikuwa nafika nyumbani mwisho wa mwezi tu, na sikufika kila mwezi.

Siku ya kwanza aliponipakulia zile sukuma nilisukuma sahani. "Mimi si mbuzi," nikamwambia. Nimezaliwa upande wa Lorugum, kwenye mifugo. Kwetu mtu alikunywa maziwa akala nyama, na majani yalikuwa ya mnyama. Mke wangu alicheka. Tangu siku hiyo, kila nikifika alinitafutia nyama, naye akala majani na watoto upande wa pili wa jiko. Hivyo ndivyo tulivyokula miaka yote, kila mtu na upande wake, na mimi niliona ni heshima ninayopewa.

Sasa nilikuwa na miche yake mkononi na sikujua pa kuanzia. Ningeweza kumuuliza binti yangu kwa simu. Sikumuuliza.

Nilipata madebe ya mafuta ya kupikia, nikayatoboa chini kwa msumari, nikaweka kokoto. Hapo sikukosea. Kisha nikaenda kwenye zizi la mbuzi nyuma ya soko, nikajaza mfuko samadi ya siku ileile, ingali na unyevu, nikaichanganya nusu kwa nusu na udongo. Niliona kwamba kama mbolea ni nzuri, basi nyingi ni nzuri zaidi. Miche miwili ya kwanza ilikauka kingo za majani kama karatasi iliyopitishwa motoni, ikafa. Samadi mbichi inaunguza. Ilitakiwa ikae, ikauke, isahau mbuzi.

Niliitoa samadi na kupanda upya miche iliyobaki. Mwingine ukafa kwa joto. Nilikuwa nimepanga madebe juu ya saruji upande unaopigwa na jua la alasiri, na siku moja niliposhika debe mkono uliruka wenyewe. Mizizi ilikuwa inapikwa mle ndani. Nikayainua madebe juu ya vipande vya mbao, nikayavika gunia lililolowa, nikatundika shuka langu la zamani lizuie jua la magharibi. Nikaanza kumwagilia jioni badala ya mchana.

Jioni ya kwanza tu, sauti ikapanda kutoka chini, ikiniita apa, yaani mzee kwa Kiturkana.

"Apa! We apa wa juu! Hiyo mvua yako inanyeshea samaki yangu!"

Alikuwa mama anayeuza samaki wakavu wa Kalokol, meza yake iko chini ya roshani yangu. Nilichungulia. Alikuwa ameinua samaki mmoja mkia juu, maji yakidondoka.

"Huyu nilimtoa kwa ziwa akakauka. Wewe unamrudisha kuogelea?"

"Samahani, mama. Nitaweka beseni."

"Weka! Ama ushuke ununue wote, uwalishe hiyo miti yako."

Wanunuzi walicheka, nami nikacheka, na nilipoingia ndani niligundua kwamba hakuna mtu aliyekuwa amenisemesha tangu binti yangu apige simu Jumapili. Niliweka beseni. Baada ya hapo, kila nikimaliza kumwagilia, nilikuwa nasubiri kidogo kwenye ukingo, pengine atapata neno la kunirushia.

Binti yangu alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Miche iko aje, Baba?"

"Iko sawa."

"Yote?"

"Yote."

Wakati huo ilikuwa imebaki miwili, nayo ilikuwa inageuka manjano. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe ambao sikuuelewa. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji ya mfereji, na kadiri nilivyoongeza ndivyo ilivyonyong'onyea. Asubuhi moja nilikuta mmoja umelala. Nikabaki na mche mmoja, majani machache na kidole cha shina, na ndio uliokuwa umebaki wa gunia lote la mke wangu.

Siku hiyo nilishuka kununua samaki kwa aibu ya yale maji. Mama wa samaki alinipa kikombe cha chai. Nilikunywa funda moja nikasimama.

"Chai yako haina chumvi."

"Kwani yako iko nayo?"

Yangu inayo. Maji yetu ya mfereji yanatoka kisima cha pampu, na ulimi wangu ulikuwa umeyazoea hata ukaacha kusema. Ule weupe juu ya udongo ulikuwa chumvi. Nilikuwa nainywesha miche chumvi kila jioni kwa upendo.

"Maji haya umetoa wapi?"

"Laga," alisema. "Wasichana wangu wanachota."

Laga ni mto wetu wa mchanga. Juu haina maji, lakini ukichimba yanajikusanya shimoni polepole, nayo ni matamu. Kuchota ni kazi ya wanawake na wasichana. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mzee akiinama kwenye shimo lile, na kama ningemwona ningemsema.

Nilienda asubuhi na jerikeni. Wanawake waliokuwa kando ya shimo waliinua vichwa.

"Ejok, apa," alisalimia mmoja. "Umepoteza mbuzi?"

"Ejok. Nimekuja kuchota."

Kicheko kilipita mpaka ng'ambo.

"Mzee na jerikeni! Leo itanyesha."

"Apa, bibi yako amekukosea nini mpaka unabebeshwa maji?"

"Amekufa," nilisema.

Aliyeuliza alishuka shimoni, akachota kikombe baada ya kikombe bila kuniangalia, akajaza jerikeni yangu. Nilipotaka kushukuru alisema tu, "Kesho uje na ndogo. Hii itakuvunja mgongo."

Nyumbani nilimimina yale maji katika debe taratibu, mengi, mpaka yakapenya hadi chini na kutoka na ile chumvi, nikiyakinga kwenye beseni. Nikafunika udongo kwa majani makavu ya mkoche ili unyevu usikimbie. Tangu hapo nilikwenda laga mara kwa mara na jerikeni ndogo. Mche ulikaa muda mrefu bila kusema ndiyo wala hapana. Kisha ukatoa jani katikati, dogo, la kijani kweli.

Binti yangu alipokuja, alikwenda moja kwa moja roshanini. Alisimama mbele ya madebe matupu na lile moja.

"Nilikudanganya," nilisema. "Nimeua miche ya mama yako. Huo tu ndio umebaki."

Alichuchumaa, akageuza jani akitafuta wadudu.

"Mama aliiua mara ngapi," alisema. "Kila ukame. Maji yakikosekana inakufa yote, anaenda kwa yule rafiki yake kambini kuomba chipukizi lingine, anaanza tena. Mwaka mwingine alilia."

"Alilia? Mbona sikujua?"

"Hukuwa nyumbani, Baba."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Chini, mama wa samaki alikuwa anabishana na mnunuzi.

Ubavuni mwa shina kulikuwa na chipukizi. Binti yangu alilivunja, akalifunga katika kitambaa kibichi, kama alivyoniletea.

"Hili nitalipanda mlangoni kwa chumba chako. Kimeisha, kimebaki rangi. Utakuja lini?"

"Mvua ikishanyesha."

"Mvua ya Lodwar, Baba?" Alicheka, kicheko cha mama yake, akashika begi.

Alipoondoka nilichuma majani mawili ya chini, yale yanayotakiwa kuchumwa ili juu kuendelee, nikayakata na kuyapika kwa kitunguu. Niliyala yote peke yangu, nimekaa mlangoni mwa roshani. Yalikuwa matamu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kisha nikasuuza jerikeni ndogo na kuiweka karibu na viatu, kwa ajili ya asubuhi.