Jibu Moja kwa Habari Zote

Mwalimu Martha Mayige alikuwa amefundisha darasa la tatu muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wanamletea watoto wao. Shule ilikuwa ya kijiji, upande wa Kasoli, imezungukwa na mashamba ya pamba. Yeye mwenyewe alizaliwa Maswa. Alikuja kupangiwa kazi huku, akaolewa na mkulima aitwaye Sylvester, akabaki.

Kusoma kwenyewe hakukumsumbua sana. Watoto walifika kwake wakiwa wanajua kuunganisha herufi, na wengine walisoma kwa sauti nzuri kabisa. Shida ilikuwa kuelewa. Nyumbani walizungumza Kisukuma, Kiswahili walikutana nacho darasani, kwa hiyo waliyapita maneno kama mtu anayepita nyumba za watu asiowajua. Ukiuliza habari inahusu nini, mtoto alikutajia kitu cha kwanza alichokikumbuka.

Siku moja aliwasomea habari ya mtu aitwaye Anatoli aliyekuwa anapeleka nyanya sokoni kwa punda. Njiani alimkuta jirani yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Akazishusha nyanya, akampandisha yule mama, akamkimbiza zahanati. Nyanya zikaliwa na mbuzi.

"Wazo kuu ni lipi?" aliuliza.

"Nyanya!" wakasema wa mbele.

"Punda!" wakasema wa nyuma.

"Mbuzi wana tamaa," akasema mmoja, darasa zima likacheka.

Mwalimu Martha hakuchapa mtu. Alimwita mtoto mmoja wa darasa jingine, asiyekuwa ameisikia habari, akamwambia apite mbele ya ubao kama anaendesha baiskeli. Kisha akawaambia wengine: "Huyu anawahi safari, hasimami. Mnataka kumpa habari ya Anatoli kabla hajapita. Mtamwambia nini?"

Mtoto akapita akizungusha miguu na kupiga kengele kwa mdomo. Wa kwanza kujaribu alianza, "Kulikuwa na mtu anaitwa Anatoli, alikuwa na punda, huyo punda..." Baiskeli ikawa imeshapita. Wa pili naye akaachwa kwenye nyanya. Wakanong'onezana kwa Kisukuma, wakabishana, naye akawaacha. Mwishowe akasimama Kija, binti wa Mboje, msichana mkimya ambaye kila asubuhi alichelewa kwa sababu ya kupeleka ndama malishoni.

"Anatoli ameacha nyanya zake, amempeleka jirani zahanati," alisema, haraka, kwa pumzi moja.

"Na punda je?"

Kija akafikiri. "Punda amesaidia tu, mwalimu."

Mwalimu Martha alisimulia jambo hilo wiki nzima. Punda amesaidia tu! Mtoto alikuwa ameona kwamba katika habari kuna jambo lenyewe, na kuna mambo yanayolisaidia. Tangu hapo darasa likajifunza hivyo. Mwaka ulipofika katikati, walikuwa wanasoma habari wenyewe, wanajadiliana, wanakataa majibu ya wenzao na kueleza kwa nini wanakataa.

Aliyesimuliwa zaidi kuliko wote ni Mwalimu Goodness, wa darasa la kwanza. Goodness alikuja kutoka mbali, hajui Kisukuma hata salamu. Kwa miezi yake ya kwanza alilala nyumbani kwa Martha, akala chungu kimoja na watoto wa Martha. Martha ndiye aliyemfundisha kusema "mwangaluka" kwa wazee asubuhi na kuitikia "mhola". Goodness naye alimsimamia mtoto wa mwisho wa Martha, Dastan, alipobatizwa. Waliitana dada na mdogo wangu, na si kwa mazoea ya mdomo tu.

Basi mama yake alipofariki Maswa, Martha hakufikiri mara mbili amwachie nani darasa.

"Nenda dada, uzike kwa amani," Goodness alimwambia wakiwa wanasubiri usafiri barabarani. "Hawa watoto ni wangu pia."

Martha alikaa Maswa mpaka matanga yakaisha. Goodness alimpigia simu mara kadhaa, akimpa pole, akimwambia watoto wanaendelea vizuri. Hakumwambia jambo jingine lolote.

Siku aliyorudi darasani, watoto walisimama wakamwamkia kwa furaha, na wengine wakaja kumshika mkono kumpa pole kama watu wazima. Naye alitaka kuwafurahisha. Akachukua habari mpya, ya mzee aliyeuza njiwa wake wote ili amnunulie mjukuu wake dawa. Akaisoma taratibu. Alipomaliza aliuliza wazo kuu, akijiandaa kusikia mabishano yao.

Hakukuwa na mabishano. Darasa zima lilisimama likajibu kwa sauti moja:

"Wazo kuu ni umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji!"

Akadhani wanamtania. Akatabasamu, akarudia swali. Wakarudia jibu, mikono nyuma, macho juu ya ukuta.

"Kija," alisema, "kwenye habari hii maji yako wapi?"

Kija aliinama. "Hayapo, mwalimu."

"Sasa?"

"Mwalimu Goodness alisema jibu ni hilo. Ukisema lingine unachapwa."

Martha aliwapa watoto kazi ya kuandika, akatoka. Alimkuta Goodness nyuma ya ofisi anasahihisha madaftari.

"Mdogo wangu, umewafanya nini watoto wangu?"

Goodness hakujifanya haelewi. Alifunga daftari. "Dada, kaa kwanza. Wanakuja watu wa kupima usomaji. Shule itakayofanya vizuri itakuwa ya mfano. Mkuu ameipata habari yenyewe watakayosomewa. Imeingia kwenye simu yake, sijui kwa nani. Ni ya kisima. Akaniambia niwaandae."

"Walikuwa tayari. Wangeweza kusoma habari yoyote."

"Wangeweza, au wangeogopa wageni wakanyamaza? Unajua wewe?"

"Ungenipigia."

"Nilikupigia."

"Ulinipigia kuniuliza kama nimekula!"

Goodness akaangalia pembeni. Ndipo maneno mengine yakatoka, kidogo kidogo. Mume wake alikuwa Bariadi mjini. Goodness alikuwa ameomba uhamisho muda mrefu, amfuate. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Ngeleja, alikuwa amemwahidi kwamba matokeo yakiwa mazuri, ombi lake atalisukuma yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo umewauza," Martha alisema.

"Usiseme hivyo, dada. Nani ameumia? Watoto watapata sifa. Wewe utapata sifa, darasa ni lako."

Hilo ndilo lililomchoma Martha kuliko yote, kwamba Goodness aliamini anamfanyia wema.

Alikwenda kwa Mwalimu Ngeleja, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyependa kusikiliza huku ameweka kidole shavuni. Alimsikiliza Martha mpaka mwisho.

"Madam, una haki ya kukasirika," alisema. "Nilikosea. Lakini usipige simu kokote. Niachie nimwambie afisa elimu kata mimi mwenyewe, walete habari nyingine. Ikitoka kwangu itakuwa ni kujisahihisha. Ikitoka kwako itakuwa ni kunishtaki."

"Utasema kweli, Mkuu?"

"Madam Martha. Tumefanya kazi pamoja miaka yote hii."

Akamwamini. Akarudi darasani, akaanza kuwafumua watoto upya. Haikuwa rahisi. Waliogopa. Kila aliyesimama kujibu aliangalia kwanza mlangoni kama kuna mtu anasikiliza, na wakati mwingine, akishakosa neno, alirudi kwenye vyanzo vya maji kama mtu anayerudi kivulini.

Wageni walikuja siku ya upepo mkali. Walikuwa afisa elimu kata na mama mmoja mpimaji, mwenye miwani na mkoba mkubwa. Walimu walisimama ukutani, Goodness dirishani. Mwalimu Ngeleja aliwakaribisha kwa maneno mazuri, kisha mpimaji akatoa karatasi, akaanza kusoma.

"Hapo zamani kijiji kimoja kilikuwa na kisima..."

Martha alimgeukia Mkuu wake. Mwalimu Ngeleja alikuwa anatazama mbele, kidole shavuni.

Watoto walijibu kila swali. Jina la kijiji, nani alikata miti, kisima kilikauka kwa nini. Na walipoulizwa wazo kuu, wakalitoa kwa sauti moja iliyotetemesha bati. Afisa elimu akapiga makofi. Mpimaji akavua miwani, akamshika Martha mkono.

"Hongera sana, mwalimu. Nimezunguka shule nyingi, sijaona darasa la tatu la namna hii."

Watoto walikuwa wanamtazama. Walikuwa wanacheka kwa furaha, nao walidhani na yeye atacheka. Angeweza kusema asante. Alisema baadaye kwamba neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Naomba uwasomee habari nyingine," alisema badala yake.

"Haina haja, mwalimu, hawa wameiva."

"Naomba, mama. Hii walikuwa nayo."

Mwalimu Ngeleja alikohoa, akaanza kusema jambo kuhusu uchovu wa watoto. Lakini mpimaji alikuwa ameshafungua mkoba wake. Akatoa habari ya fundi cherehani aliyevunjika mkono, na watu aliowashonea nguo za watoto wao bure miaka yote wakaja kumlimia shamba na kumletea chakula mpaka akapona. Ilikuwa habari nyepesi. Darasa la Martha la kabla ya msiba lingeibishania kwa raha.

"Wazo kuu ni lipi?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Mpimaji akamnyooshea kidole mtoto wa mbele. Mtoto akasimama, akameza mate. "Umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji." Akamnyooshea mwingine. Naye akasema hivyo hivyo. Wa tatu akalia kabla hajasema kitu.

Martha alimtazama Kija. Alijua Kija anajua. Aliona midomo yake inaenda, kama alivyozoea kujaribu sentensi kimyakimya kabla ya kuitoa. "Kija," alisema, "simama, mama. Sema unachofikiri."

Kija alisimama. Aliangalia dirishani, alipokuwa amesimama Goodness. Akaangalia wageni. Kisha akamwangalia Martha, machoni kabisa, akasema polepole na kwa sauti safi:

"Wazo kuu ni umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji."

Akakaa.

Matokeo yalifutwa. Mwalimu Ngeleja alipewa barua ya onyo, akaendelea kuwa Mkuu. Alimsalimia Martha kila siku kwa adabu ile ile, ila alimpa vipindi vya jua la mchana, na kila shida ilipotokea ofisini alisema, "Tuangalie maneno yetu, kuna watu hapa wana midomo." Walimu wakahamisha viti vyao. Kwenye mkutano wa kijiji Mboje, baba yake Kija, alisimama akauliza kwa nini mwalimu anayekula mshahara wa kufundisha watoto aliwaaibisha mbele ya wageni. Watu wakaguna kumuunga mkono. Martha alijaribu kueleza, lakini maelezo yalikuwa marefu na watu walikuwa wameshachoka na jua.

Hayo yote aliyavumilia. Lililomlaza kitandani ni la Kija. Siku iliyofuata upimaji alimwita pembeni, si kwa ukali.

"Ulikuwa unalijua jibu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini hukulisema?"

Kija alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Ulituchongea," alisema.

"Mimi?"

"Tulifanya walivyotuambia. Wewe hukuwepo. Halafu umekuja, ukatuchongea kwa wageni."

Martha alikuwa amehesabu watu waliomgeuka, Goodness, Ngeleja, na mwisho Kija. Hakuwa amefikiri kwamba watoto nao, siku ile, walikuwa na mtu wao waliyemhesabu, na mtu huyo alikuwa yeye. Alimwambia Sylvester mambo hayo jioni wakimenya mihogo. Sylvester akasema, "Ungefanyaje sasa?" Swali hilo halikumsaidia. Alijua kwamba angefanya vile vile tena, na hilo nalo halikumtuliza.

Goodness alipata uhamisho wake. Haukupitia kwa Ngeleja hata kidogo. Ulikuwa umeshaidhinishwa siku nyingi, ulikuwa unasubiri tu nafasi. Aliondoka bila kuaga nyumbani kwa Martha. Dastan aliuliza mama yake wa ubatizo yuko wapi, akaambiwa amehamia mjini.

Martha alianza tena na darasa lile, habari moja baada ya nyingine. Mpaka mwaka unaisha wengi walikuwa wamerudi kufikiri kwa vichwa vyao. Kija alijibu alipoulizwa, na alijibu vizuri, lakini kwa kuuliza: "Ni kwamba mtu huyu alimsamehe ndugu yake, si ndiyo?" Alisubiri uso wa mwalimu useme ndiyo kabla hajaamini. Zamani hakuwa anasubiri uso wa mtu.

Mwaka jana Martha alikwenda Bariadi kufuatilia mambo ya kupandishwa daraja. Akakutana na Goodness mlangoni mwa duka la vitambaa. Goodness alikuwa amenenepa kidogo, ana mtoto mgongoni.

"Mwadila, dada," alimsalimia Goodness, kwa Kisukuma kilichonyooka.

"Mwadila."

Wakaulizana hali za watoto. Goodness akamfunua mtoto uso, Martha akamsifu, maana mtoto hakuwa na kosa. Kisha Goodness akasema, kwa haraka, "Dada, bado una hasira na mimi?"

Martha alifikiri kama aliyeulizwa swali la darasani, akitafuta lililo lenyewe na lililosaidia tu.

"Nilikuachia watoto," alisema.

Goodness alisubiri aendelee. Martha alimrekebishia mtoto kofia iliyokuwa imemfunika jicho, akasema msalimie shemeji, akavuka barabara kwenda ofisini kabla hawajafunga.