Bi Kazija na ndege iliyoliwa na chumvi

Saa kumi na mbili asubuhi, Pujini, kisiwani Pemba. Jua halijapita vichwa vya mikarafuu, na Bi Kazija Seif ameshachuchumaa uani kwake mbele ya ndoo mbili. Moja ina rangi nyeupe ya maji, ile ile inayopakwa kuta za nyumba. Nyingine ina maji ya mvua, na hiyo ndiyo anayoanza nayo. Anachovya kidole, anakitia ulimini, anatulia kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha anatema pembeni.

"Hayana kitu," anasema, na ndipo anapoyamimina kwenye rangi.

Nyuma yake, kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mti wa mshelisheli, imesimama ndege ya kiti kimoja. Mabomba yake ni ya alumini, mabawa yamevishwa kitambaa, na injini ilikuja kwa meli ikiwa imefungwa ndani ya godoro kuukuu. Aliyeiunda ni mumewe, Yussuf Mmanga, ambaye sasa ni marehemu.

Bi Kazija ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni kupaka nyumba chokaa na rangi, na kwa Pujini na vijiji vya jirani hakuna asiyemjua, hasa Idi inapokaribia na kila mtu anataka ukuta wake ung'ae kabla ya jirani yake. Nyumba ya vyumba vitatu humpa kama shilingi elfu sitini. Idi ikipita, anasema, simu hulala usingizi.

Yussuf alifanya kazi Oman kwa miaka mingi, kwenye karakana ya ndege ndogo za watu wanaoruka kwa starehe. Alianza kwa kufagia, akaishia kuwa mpuliza rangi. Aliporudi Pemba wenzake walitarajia ajenge duka. Yeye akaanza kukata mabomba.

Watu walimcheka, na Bi Kazija hakubaki nyuma. Anakumbuka alivyomuuliza mumewe kama chombo hicho kitamletea kuni kutoka shamba. Alipomwona anakikaza kitambaa cha bawa kwa pasi ya umeme, pasi yake yeye ya kunyooshea mabuibui, alikaribia kuita wazee. Lakini jioni alikuwa akishika upande wa pili wa kitambaa ili kisipinde, na hakuombwa na mtu.

Tatizo lilikuwa rangi. Miaka ya kupuliza rangi na tina ya kuizimulia bila ya kuziba pua ilikuwa imemharibu Yussuf kifua, na daktari alimwambia asikae tena karibu na harufu ile. Ndipo alipoamua ndege yake ipakwe rangi ya maji. Mabaraza ya Pujini yalipata la kuzungumza: chombo cha kwenda angani kinapakwa rangi ya sebuleni.

Yussuf hakujali. Alimweleza mkewe kwamba rangi ile ni nyepesi, haina harufu ya kumkaba, na hujikunja pamoja na kitambaa bila ya kupasuka. Kwanza itapakwa nyeusi, ili jua lisipenye na kukila kitambaa, kisha nyeupe juu yake. Na mpakaji alikuwa naye ndani ya nyumba.

"Alinambia, mie nimepaka ndege za matajiri mpaka nimechoka, yangu utanipakia wewe," anasema Bi Kazija. "N'lifurahi. Sijapata kufurahi vile hata siku ya harusi, maana siku ya harusi n'likuwa na khofu."



Kila anayepaka chokaa kisiwani anajua kuwa chokaa hutiwa chumvi. Gao moja la chumvi, ujazo wa kiganja, kwenye ndoo, na chokaa hushika ukuta. Mtu akiegemea, nguo yake haitoki na chokaa mgongoni. Bi Kazija alifundishwa hivyo na mama yake, na mkono wake umezoea kiasi kwamba hauulizi tena. Siku aliyochanganya rangi ya ndege, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi.

"Wala sikusahau. N'lijua natia," anasema. "N'liona, ikiwa ukuta uliosimama tu twautilia, basi kitu kitakachopigwa na upepo huko juu kinahitaji zaidi. N'katia magao mawili. N'lifanya kwa mapenzi."

Rangi ilikauka vizuri. Ndege ilisimama nyeupe uani, na hata waliocheka walikuja kutazama. Kisha masika yakaingia. Chumvi ikavuta unyevu, rangi ikaanza kuvimba malengelenge, na kila mahali kitambaa kilipogusana na bomba pakatoka unga mweupe. Alumini ilikuwa inaliwa.

Yussuf alibandua lengelenge moja kwa ukucha, akalionja. Akamuuliza mkewe kama alitia chumvi. Akajibu ndiyo. Alikwenda kukaa barazani mpaka baada ya sala ya Isha.

"Halafu akacheka," anasema Bi Kazija. "Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akanambia, Kazija, umeniungia ndege kama mchuzi wa pweza. Tutaivua nguo tuanze upya."

Wakaanza upya. Yussuf alivua kitambaa chote, akawa anapiga msasa bomba moja moja, vumbi la rangi na la chumvi likimwingia kifuani. Mkewe alimsihi amwachie yeye kazi hiyo. Alimfunga hata kitambaa cha mtandio wake puani, naye akikivuta chini kila akitaka kupumua. Mvua zilipokatika kikohozi hakikukatika. Alifariki hospitalini Chake Chake, na ndege ikabaki mifupa mitupu chini ya turubai.

Daktari alimweleza Bi Kazija kuwa kifua kile kilikuwa kimekwisha tangu zamani. Shehe wa mtaa alimkumbusha kuwa ajali ya mtu, siku yake ya kufa, haisogei mbele wala nyuma. Amewasikia wote wawili, na anawashukuru.

"Naamini ilikuwa siku yake," anasema. "Lakini zile siku alizopiga msasa, zile zilikuwa zangu mie. N'limpa mie."

Alikaa eda akiitazama ndege kupitia dirishani. Shemeji yake Nassor, mdogo wa marehemu, alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ukimsikiliza huwezi kumlaumu. Alimwambia hana ugomvi na chombo kile, ila kila akiingia uani humwona kaka yake ameinama pale. Bi Kazija alimwomba jambo moja: asiiguse mpaka yeye Kazija atakapoipaka kama marehemu alivyotaka. Nassor aliondoka zake. Siku mbili baadaye alirudi na makopo ya rangi begani.

Eda ilipokwisha, waliivisha kitambaa kipya wao wawili, pasi ile ile ikafanya kazi. Kisha alikuja Bi Khairat, mwalimu wa ufundi katika chuo kimoja cha amali, aliyesikia habari za ndege na kutaka kuiona. Alizunguka na tochi kwa muda mrefu, akigonga mabomba na kusikiliza. Kwenye shina la bawa la kushoto, ndani kusikofikiwa na msasa, alikuta bomba limeliwa hadi kuwa jembamba kama ganda la yai.

Bi Kazija alimuuliza swali moja tu, kama itaruka.

"Hapana, mama," Khairat alimjibu. "Hata ingepata ruhusa, singempandisha mtu. Hii haitaruka."

Bi Kazija alikwenda jikoni akalia, na hakuficha kuwa alilia. Ndege ile ilikuwa imebeba matumaini yote ya Yussuf, na magao mawili ya chumvi aliyoyatia yeye yalikuwa yameibakisha ardhini daima. Alipotoka alimkuta mwalimu bado amesimama pale, akisema chuo kingeichukua ili wanafunzi waone jinsi kazi ya mikono inavyofanywa. Mabawa yapakwe juu tu, alishauri. Itawekwa chini, sakafuni. Hakuna atakayeinama kutazama chini ya bawa.

Ndiyo maana asubuhi hii inashangaza. Juu ya mabawa kumekwisha kauka tangu wiki iliyopita. Bi Kazija anatandika mkeka, analala chali chini ya bawa la kushoto, lile la bomba lililoliwa, na anaanza kupaka huko ambako ameambiwa hakuonwi na mtu. Matone yanamwangukia shavuni. Anayafuta kwa kiwiko na kuendelea, brashi ikienda upande mmoja tu, polepole, kama alivyofundishwa.

Anasema siku ya rangi ya kwanza yeye pia alitaka kuacha kwa chini, maana mkono ulimuuma. Yussuf alimkatalia.

"Alinambia, juu ya bawa anapaona Mola peke yake. Chini ndipo mtakapopaona nyie, mkisimama hapo uani mkinyoosha shingo. Basi pale pawe safi kuliko kote."

Chuo kinakuja kuichukua baada ya Idi. Bi Kazija hajadai malipo yoyote. Amemwomba Bi Khairat jambo moja, na mwalimu amesema atalizungumza na wakubwa zake: isiwekwe sakafuni. Iinuliwe juu ya nguzo, ndefu kupita kichwa cha mtu.

"Nataka nende siku moja nisimame chini yake," anasema, brashi ikiwa imetulia mkononi. "Ninyooshe shingo. Nimwambie nimeiona."

Rangi imeanza kuwa nzito. Anajiinua, anaivuta ndoo ya maji karibu, na kabla ya kumimina anachovya tena kidole.